Mahindi mabichi: ya kuchoma, ya kuchemsha, ya nazi au makande?

Msimu wa mahindi mabichi hauingii kwa wakati mmoja kila mahali. Katika Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, ambako mvua hunyesha kwa mfululizo kuanzia Novemba hadi Aprili, mahindi ya kuchoma huanza kuonekana kwa wingi kandokando ya barabara mwezi Februari au Machi. Kilimanjaro, Tanga na ukanda wa pwani husubiri mazao ya masika, ambayo huwa tayari kati ya Juni na Julai, na huko Trans Nzoia na Uasin Gishu nchini Kenya mahindi mabichi hujaa sokoni Agosti na Septemba. Popote yanapopatikana hayaji peke yake, kwa kuwa wakulima wengi huyapanda pamoja na kunde, maharage na maboga katika shamba moja. Kwa hiyo kapu la msimu huo huwa na maharage mabichi, majani ya kunde, majani ya maboga, mamumunye, bamia na nyanya kwa wakati mmoja, na mpishi hubaki na kazi ya kuamua kipi kipikwe vipi.

Makala haya yanalinganisha njia nne ambazo wengi wetu huzitumia, yaani kuchoma, kuchemsha, kupika kwa nazi na kupika makande, pamoja na mboga zinazofaa kwa kila njia. Msimamo wangu nautaja mapema ili msomaji aupime anapoendelea kusoma: jambo la kwanza linalopaswa kuamua ni umri wa hindi, la pili ni muda uliopita tangu livunjwe shambani, na mengine yote, yakiwemo idadi ya walaji, aina ya jiko na ladha ya mpishi, yafuate baadaye. Wengi hufanya kinyume. Huamua tangu nyumbani kwamba leo ni siku ya mahindi ya kuchoma, hununua yoyote yaliyopo, kisha huyalaumu mahindi kwa kuwa magumu au kwa kukosa ladha.

Kulipima hindi kabla ya kulinunua

Wauzaji hawapendi mahindi yao yamenywemenywe kabla ya kulipiwa, na wana haki, kwa sababu hindi lililofunuliwa hukauka upesi. Hata hivyo, kulifungua upande mmoja kwa upana wa vidole viwili kunatosha. Kwanza angalia ndevu: zinapaswa kuwa zimeshageuka rangi ya kahawia na kukauka nchani, huku zikibaki na unyevu kidogo pale zinapotokea kwenye maganda. Kisha bonyeza punje moja kwa ukucha wa kidole gumba, na punje hiyo iwe ya katikati ya hindi, si ya nchani, kwa kuwa za nchani ndizo changa zaidi na zinaweza kukudanganya.

Yakitoka maji yasiyo na rangi, hindi hilo lilivunjwa mapema mno na halifai kwa lolote kati ya haya tunayoyazungumzia. Likitoka tui jembamba jeupe, hindi bado ni changa. Kwa kawaida hufikia hatua hiyo yapata majuma matatu baada ya ndevu kuchomoza, ingawa joto la pwani huharakisha na baridi ya milimani huchelewesha, na wakati huo punje huwa na maji ya takriban asilimia 80. Ukikuta kitu kizito kama uji wa ulezi, hindi limekomaa kiasi, maji yake yameshuka hadi kama asilimia 70, na sehemu kubwa ya sukari yake imekwisha kugeuka wanga. Ukucha ukiacha alama tu pasipo kutoa chochote, hindi limepita umri wa kuchoma na kuchemsha, na lililobaki kwake ni chungu cha makande.

Hatua hizi nne zina uzito kuliko aina ya mbegu, isipokuwa pale unapolinganisha hindi la kawaida la shambani na hindi tamu la njano linalouzwa katika maduka makubwa. Hindi tamu lina mabadiliko ya kijeni yanayozuia sukari ya punje kugeuka wanga kwa kasi ya kawaida, na ndiyo maana likikaushwa punje zake hukunjamana. Utamu wake lakini hauvumilii joto: aina za zamani za hindi tamu zikiwekwa katika joto la nyuzi 30 zinaweza kupoteza kiasi cha asilimia 60 ya sukari kwa siku moja, wakati katika nyuzi sifuri hupoteza asilimia 6 tu. Aina mpya zenye utamu mwingi hudumu zaidi, lakini hata hizo zinahitaji ubaridi. Mtu anayelinunua Dar es Salaam au Mombasa kutoka kwenye meza iliyopigwa jua tangu asubuhi anatoa fedha kwa ajili ya utamu ambao sehemu yake imekwisha kuondoka.

Ningechagua hindi tamu kwa upishi wa haraka tu: punje zikatwe kwa kisu, zikaangwe dakika nne au tano pamoja na kitunguu, pilipili hoho, karoti na vipande vya mumunye changa, kisha zitiwe chumvi na ndimu. Kwa makande halifai hata kidogo, kwa sababu halina wanga wa kutosha wa kuyafanya maji yake yawe mazito, na baada ya saa moja motoni hubaki maganda yanayoelea.

Kuchoma na kuchemsha

Hizi ndizo njia mbili ambazo watu hubishania zaidi, ingawa kwa kweli kila moja ina hindi lake. Kuchoma kunahitaji hindi lililokomaa kiasi, lile la uji mzito. Maji yanayochemka hayawezi kupanda zaidi ya nyuzi 100, lakini juu ya makaa uso wa punje hupita kiwango hicho kwa mbali, na hapo ndipo sukari na protini zilizomo huungana na kutoa ile rangi ya kahawia na harufu inayomfanya mpita njia asimame. Hindi changa likichomwa hutumia muda mwingi kupoteza maji kabla ya kufikia hatua hiyo. Punje hunywea, huporomoka, na mlaji huishia kutafuna maganda. Lililokomaa kupita kiasi nalo hupasukapasuka, huungua nje na kubaki kavu ndani.

Anayechoma vizuri hangojei miali ya moto, hungoja makaa yawe mekundu yenye majivu membamba juu yake, na hulizungusha hindi kidogo kidogo kwa dakika kumi hadi kumi na tano huku akipepea kwa kipande cha boksi. Kipande cha ndimu kilichochovywa katika chumvi na pilipili ya unga hupakwa likiwa bado la moto, na hapo mlo umekamilika. Mboga inayofaa kuwa kando ni mbichi, yaani kachumbari ya nyanya, tango na kitunguu. Na kama hindi limebaki, punje zake zikipukuchuliwa na kuchanganywa ndani ya kachumbari hiyo hupata kazi nzuri kuliko kupashwa moto mara ya pili. Kwa wenye jiko la gesi pekee, sishauri kuliweka hindi moja kwa moja juu ya mwali, kwa kuwa huungua alama alama; kikaango kizito kisicho na mafuta, kilichofunikwa kwa dakika chache za mwanzo, hutoa matokeo ya kuridhisha ingawa harufu ya mkaa haitakuwepo.

Kuchemsha kunasamehe mengi. Sufuria moja hubeba mahindi kumi kwa mpigo, hakuna anayehitaji kusimama jikoni, na hindi changa, ambalo lingeharibika juu ya makaa, hutoka laini na tamu kwa dakika 20 hadi 30. Lililokomaa kiasi huhitaji dakika 45 au saa nzima. Muda huo hutegemea pia mahali ulipo: Nairobi na Mbeya zimeinuka karibu meta 1,700 au zaidi kutoka usawa wa bahari, na maji yake huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo mpishi aliyehama kutoka Mombasa asishangae kuona mahindi na maharage yake yakichelewa kuiva. Mfuniko unaobana vizuri husaidia kuokoa mkaa, ingawa tiba kamili ni chungu cha presha.

Kuna ufundi mmoja wa vijijini ambao mijini umesahauliwa bila sababu. Maganda ya ndani ya hindi, yale laini ya kijani iliyofifia, hayatupwi. Hutandikwa chini ya sufuria, mahindi hupangwa juu yake, kisha mengine hufunika juu. Maji machache yanatosha, mvuke hufanya kazi iliyobaki, na harufu ya maganda huingia kwenye punje. Vipande vya boga vinaweza kuwekwa juu ya tabaka hilo dakika 20 kabla ya kuepua, na kwa namna hiyo chakula cha jioni cha kunywea chai hutoka katika sufuria moja. Ukilinganisha kwa ladha peke yake, kuchoma kunashinda. Ukilinganisha kwa gharama ya moto kwa kila mlaji katika nyumba yenye watu sita, kuchemsha kunashinda kwa mbali.

Nazi dhidi ya makande

Hapa ndipo uchaguzi unapokuwa mgumu, kwa sababu njia zote mbili ni za mlo kamili na zote zinachukua muda.

Mahindi ya nazi ni chakula cha pwani, kuanzia Lamu na Mombasa hadi Unguja na Dar es Salaam, na hindi lake ni changa au lililokomaa kidogo tu. Hukatwa vipande vitatu pamoja na gunzi lake, huchemshwa kwa maji na chumvi hadi yaive kabisa, na ni baada ya hapo ndipo nazi inapoingia. Wapishi wa haraka hutia tui tangu mwanzo, nazo punje hukataa kulainika huku tui likikatika na kuacha mafuta juu. Utaratibu unaofaa ni kuyatia mahindi yaliyoiva tui la pili, lile jepesi, pamoja na kitunguu kilichosagwa, pilipili mbichi, kitunguu saumu na bizari ya manjano kiasi cha nusu kijiko cha chai, kisha kuyaacha yachemke taratibu hadi tui lipungue kwa nusu. Tui zito la kwanza hutiwa mwishoni, moto ukiwa umepunguzwa, na hukorogwa bila kuacha na bila kufunika, hadi rojo lishike mwiko na kuganda kwenye vipande. Ndimu au maji ya ukwaju hutiwa baada ya kuepua, kwa kuwa ukali ukikutana na tui linalochemka hulikata.

Kinachopatikana ni chakula cha kuliwa kwa mikono, kwa kunyonya gunzi, na ndiyo maana watoto hukipenda na wageni wenye nguo nyeupe hukiogopa. Wengi hukihusisha na futari, ingawa Ramadhani husogea nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka na hivyo haikutani na mahindi ya masika kila mara. Miaka ambayo imeangukia Februari na Machi, mahindi yanayouzwa magengeni huwa ni ya umwagiliaji au mabaki ya vuli, na mengi huwa magumu kuliko yanavyoonekana. Yapime kwa ukucha. Kuhusu mboga, ushauri wangu ni kutojaza chungu. Mumunye changa linakubalika; mchicha, bamia na biringani vipikwe pembeni, kwa sababu kila kimoja hutoa maji au ute unaolegeza rojo ambalo umelihangaikia kulifanya zito.

Makande, ambayo pwani ya Kenya huitwa pure na bara ya Kenya githeri, yana tabia tofauti kabisa. Yanapokea hindi gumu, yanapokea karibu kila mboga, na yanashibisha hadi kesho yake asubuhi. Faida yake kubwa ya lishe inatokana na mchanganyiko wenyewe: protini ya mahindi ina upungufu wa laisini, mojawapo ya asidi amino zinazounda protini, ambayo maharage na kunde zinayo kwa wingi, na jamii ya kunde nayo hupungukiwa na asidi amino nyingine, methionini, ambayo mahindi huichangia. Mahindi ya nazi hayana fidia hiyo, hata yawe matamu kiasi gani, na yakiwa ndiyo chakula kikuu cha siku yanahitaji samaki au kunde kando.

Uzuri wa kupika makande wakati wa msimu ni kwamba maharage mabichi yaliyotoka kwenye maganda yake huiva karibu sambamba na mahindi mabichi, kati ya dakika 45 na saa moja, wakati mahindi makavu na maharage makavu, hata yakiwa yamelowekwa usiku kucha, huweza kumaliza saa mbili au tatu na mkaa wa kutosha. Kiasi cha vikombe viwili vya mahindi kwa kikombe kimoja cha maharage kinafaa nyumba nyingi. Linaloharibu mlo mara kwa mara ni kuchanganya mahindi mabichi na maharage makavu katika chungu kimoja kwa wakati mmoja, kwa kuwa punje hupasuka maharage yakiwa bado yanagonga meno. Asiye na maharage mabichi ayaloweke makavu, amwage maji hayo, ayachemshe peke yake hadi yakaribie kuiva, ndipo atie mahindi. Na maharage mekundu hasa yachemke kwa nguvu si chini ya dakika kumi, kwa kuwa yana lektini inayochafua tumbo isipoharibiwa kwa joto kali. Nyanya zisubiri hadi maharage yalainike, maana ukali wake huchelewesha kulainika huko.

Mboga huingia kwa zamu. Karoti hutangulia, boga au mumunye hufuata dakika 15 kabla ya kuepua, na hoho, kabichi na majani ya maboga huwa vya mwisho. Majani ya maboga yanahitaji subira kidogo: vunja ncha ya kikonyo kwa ukucha na uivute kuelekea kwenye jani, nyuzi zitatoka kama zilivyo pamoja na vinyweleo vyake, na usiporidhika na upande mmoja geuza ufanye na wa pili. Mpishi anayeruka hatua hii atakula majani yanayokwaruza koo na kuamini kwamba mboga hiyo ni mbaya. Wapishi wa Kenya ya kati humaliza kazi kwa namna nyingine, kwa kuyaponda majani hayo pamoja na viazi na mahindi mabichi kuwa mukimo, na kwa mtu mwenye viazi vingi na maharage machache ningependekeza njia hiyo badala ya kulazimisha makande mepesi. Kwa kuwa mahindi meupe karibu hayana rangi za njano ambazo mwili huzigeuza kuwa vitamini A, boga na majani yake ndivyo vinavyoleta sehemu hiyo ya lishe, na mafuta au nazi kidogo huusaidia mwili kuipokea.

Kuna wanaopatanisha pande hizi mbili kwa kuyaunga makande kwa tui la nazi, kama wafanyavyo wengi Tanga na Upare. Kwa maoni yangu hicho ndicho chakula bora kuliko vyote vilivyotajwa hapa, mradi nazi iwe moja tu kwa chungu cha watu sita, kwa kuwa ikizidi hufunika ladha ya mahindi yenyewe.

Nani achague nini

Mwenye mahindi machanga yaliyovunjwa asubuhi ile ile na wageni wachache ayapike kwa nazi au ayachemshe; mwenye mahindi ya uji mzito na jiko la mkaa ayachome; mwenye familia kubwa, au aliyeletewa gunia na ndugu wa shamba siku mbili baada ya kuvunjwa, asihangaike na mengine, apukuchue na kupika makande. Wazee wasio na meno hawafaidi hindi la kwenye gunzi kwa namna yoyote. Punje changa zikisuguliwa kwenye kikwaruzo, zikachujwa na kupikwa na maziwa au tui, hutoa uji ambao hata mtoto aliyeanza kula anaupokea.

Wasomaji walioko Muscat, London au Toronto wana tatizo la peke yao. Magunzi yaliyogandishwa wanayoyakuta madukani karibu yote ni ya hindi tamu, na mahindi ya nazi yakipikwa kwayo hutoka na utamu unaokaribia wa kitindamlo. Yasichemshwe zaidi ya dakika tano kabla ya kutiwa tui, pilipili iongezwe, na ukwaju utumike badala ya ndimu ili ukali uwe mzito zaidi. Kwa makande, watafute katika maduka ya Wamarekani Kusini mahindi ya Peru yenye punje kubwa, yanayouzwa yakiwa yamegandishwa kwa jina la choclo. Yana wanga mwingi na hayana utamu mkubwa, na yanakaribia mahindi yetu kuliko chochote kingine kilichopo huko.

Kuhusu mabaki, tofauti ni kubwa kiasi cha kubadilisha uamuzi wa mwenye nyumba asiye na friji. Mahindi ya nazi katika joto la pwani hayalali salama, na yanapaswa kuliwa yote siku hiyo hiyo. Makande yasiyo na nazi yakichemshwa upya kabla ya kulala na kufunikwa hufika asubuhi yakiwa mazima katika maeneo ya baridi, na kwenye joto yanahitaji friji. Kiporo chake kikikaangwa kwa kitunguu na mafuta kidogo hadi kishike rangi upande wa chini, kinaliwa na chai ya rangi.